Swali Lisilo na Mji: Fani ya Kuuliza na Kujibu Miongoni mwa Mafundi wa Tarakilishi

Katika utegaji wa vitendawili, mtegaji huwa tayari analo jibu. Hilo ndilo sharti la kwanza la utanzu huu. Fanani hutamka "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", na wategewa wanaposhindwa, mtegaji hudai mji. Akishapewa Lamu au Mombasa, hutamba nao kidogo, kisha hufumbua. Mchezo mzima umejengwa juu ya msingi kwamba aulizaye anajua na aulizwaye hajui.

Swali la fundi limeupindua msingi huo. Hapa aulizaye ndiye aliyekwama, na anaowauliza ni watu asiowajua kwa sura wala kwa jina, nao hawana mji wa kutoa, wala yeye hana jibu la kufumbua. Pengine ndiyo sababu wahakiki wa fasihi, ambao wamekiandikia kitendawili kurasa nyingi, hawajalishughulikia swali la aina hii kama fani yenye kanuni zake. Huonekana kuwa ni jambo la haja tu, mfano wa kuuliza njia sokoni. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kuuliza swali la kiufundi mbele ya baraza la wageni, akajibiwa au asijibiwe, anajua kwamba namna ya kuuliza ndiyo iliyoamua. Pale ambapo fani huamua hatima ya maudhui, mhakiki ana kazi ya kufanya.

Kielelezo kitakachofuatwa hapa ni cha mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Mombasa, ambaye alirithi daftari. Marehemu babu yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo, alinakili humo utenzi wa beti zipatazo mia tatu kwa hati za Kiarabu, kwa wino mweusi, na vituo kwa wino mwekundu. Aliyebaki wa kuusoma utenzi huo pasi na kukwama alikuwa nyanya yake, na macho ya nyanya yalikuwa yakififia. Nia ya kijana haikuwa kubwa: achape utenzi wote kwa tarakilishi, akuze maandishi yake, nyanya ausome na kuusahihisha kabla nuru haijamtoka.

Aliandika programu ndogo ya kuzipanga beti katika kurasa. Karatasi ya kwanza ilipotoka, herufi zilikuwa zimetengana, kila moja imesimama pekee, na kila neno limepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume cha desturi ya hati hiyo. Nyanya aliishika karatasi karibu na pua, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, hizi herufi zimegombana?"

Usiku huo kijana aliliendea baraza moja la mafundi mtandaoni, ambalo si lazima litajwe, akaandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa: Programu yangu ya Kiarabu haifanyi kazi, nisaidieni haraka. Haikupita saa moja, swali likafungwa. Mmoja alimwambia kwamba halikuwa na maelezo ya kutosha. Mwingine alimshauri asome kwanza miongozo kabla ya kupoteza wakati wa watu. Kijana alizima mashine yake, na kwa majuma matatu hakurudi. Katika majuma hayo, nyanya alibadilishiwa miwani mara mbili.

Ni rahisi kulifasiri tukio hili kuwa ni ukali wa wageni tu. Ukali ulikuwapo, wala hauna haja ya kutetewa. Lakini desturi iliyomfungia kijana mlango ina historia yake, na asiyeijua historia hiyo hawezi kuihukumu kwa haki.

Mtandao wa Usenet, ambamo desturi nyingi za aina hii zilikomaa, ulibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ukaanza kutumika mwaka 1980. Watu wa vyuo mbalimbali waliandikiana humo kwa makundi yaliyogawanywa kulingana na mada. Kadiri wageni walivyoongezeka, maswali yale yale yalirudiwa na kurudiwa, na wenyeji wakachoka. Ndipo lilipozuka zoea la kukusanya maswali yaulizwayo mara kwa mara pamoja na majibu yake, ili jibu lililotolewa jana lisihitaji kutungwa upya kesho. Kutoka hapo lilizaliwa pia lile karipio la kumtaka mgeni akasome kwanza. Karipio hilo, kwa asili yake, ni kilio cha mtu aliyekwisha kujibu. Yeye anajitolea, halipwi, na wakati anaombwa kuutoa ni wake mwenyewe.

Uwezo wa swali lililoulizwa ipasavyo unadhihirika katika kisa mashuhuri cha mwaka 1991. Tarehe 3 Julai mwaka huo, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwauliza watumiaji wa mfumo wa Minix ni wapi angeweza kupata kanuni za POSIX, yaani makubaliano yanayoeleza jinsi mifumo ya jamii ya Unix inavyopaswa kuzihudumia programu. Swali lilikuwa fupi na lilitaja sababu yake. Tarehe 25 Agosti aliwaendea tena. Safari hii aliwauliza ni mambo gani katika Minix waliyoyapenda na yapi waliyoyachukia, kwa kuwa alikuwa akiunda mfumo wake mwenyewe, ambao aliueleza kuwa ni wa kujifurahisha tu wala hautakuwa mkubwa. Ari Lemmke, aliyemtengea nafasi ya kuuweka mfumo huo ili wengine waupate, ndiye aliyeipa nafasi hiyo jina la linux, ilhali mwenyewe Torvalds alipendelea jina jingine, Freax. Leo mfumo huo ndio kiini cha simu za Android na huendesha sehemu kubwa ya mashine zinazohudumia mtandao duniani. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na katika uundaji wa chombo hiki, maswali yaliyoulizwa hadharani yalikuwa miongoni mwa mbao.

Wala baraza hilo halikukosa malumbano. Tarehe 29 Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam na mwandishi wa Minix, alitangaza humo kwamba Linux ilikuwa imepitwa na wakati, kwa kuwa muundo wa kiini chake ulikuwa wa kipande kimoja kikubwa badala ya kiini kidogo kinachogawa kazi, na kwamba huko kulikuwa kurudi nyuma hadi miaka ya 1970. Torvalds alimjibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa ukali wa kauli yake, ingawa hoja zake za kiufundi hakuziondoa. Msomi wa ushairi wa Kiswahili hatapata tabu kuutambua mtindo huu: mzee wa fani hutoa kauli, kijana huijibu hoja kwa hoja, hadhira hujiunga kila mmoja na upande wake, na mabishano yote yakabaki yameandikwa ili wajao wayapime. Tofauti ni moja. Katika malumbano ya washairi, vina na mizani huizuia ghadhabu isimwagike ovyo. Mafundi hawakuwa na kizuizi cha namna hiyo, hivyo iliwalazimu kukibuni.

Jitihada za kukibuni zilikuwa nyingi. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen walieneza mwongozo wa namna ya kuuliza maswali kwa busara, ambao ulisomwa kote na kulalamikiwa pia kwa lugha yake ya kiburi. Mwaka 2008 Jeff Atwood na Joel Spolsky walianzisha Stack Overflow, ambapo majibu hupigiwa kura, mjibuji mwema hupata alama za heshima, na swali lililokwisha kujibiwa huelekezwa kwa mwenzake wa awali. Shabaha yake kuu ilikuwa hazina ya maswali na majibu yatakayomfaa msomaji wa baadaye, kuliko mazungumzo ya watu wawili. Hapo ndipo penye kiini cha kutoelewana. Muulizaji hudhani kwamba anazungumza na mtu. Baraza hudhani kwamba linaandika kitabu.

Ikichambuliwa kwa makini, fani ya swali jema inayo sehemu nne: lengo la muulizaji, tendo alilolifanya, tokeo aliloliona, na tokeo alilolitarajia. Kwa hizo nne huongezwa ya tano iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kielelezo kidogo kabisa kinachoweza kuizalisha ile kasoro. Muulizaji hatakiwi kuleta programu yake nzima. Hutakiwa apunguze, aondoe, apogoe, mpaka libaki lile tu ambalo likiondolewa, kasoro nayo inaondoka. Mwalimu wa fasihi anaijua kazi hii. Mwanafunzi anayeuliza "Shairi hili lina maana gani?" hawezi kusaidiwa. Anayeuliza kwa nini mshairi amekiuka urari wa vina katika ubeti wa tatu pekee amekwisha kusafiri nusu ya njia, na mara nyingi hutokea kwamba anaimaliza nusu ya pili kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Baada ya majuma matatu kijana alirudi kwenye daftari. Hakuandika swali mara moja. Aliziondoa beti mia tatu akabakiza mia. Kasoro ilikuwapo. Akabakiza kumi, kisha ubeti mmoja, kisha mshororo. Mwishowe lilibaki neno moja, ng'ambo, lenye herufi tano kwa tahajia aliyoichagua, ya kwanza ikiwa aini yenye nukta tatu juu yake. Herufi tano zilitosha kuonyesha ugomvi wote. Ilikuwa bayana sasa kwamba kosa halikuwa katika utenzi, wala katika mpangilio wa kurasa, bali katika namna programu ilivyoichora herufi moja baada ya nyingine. Aliandika alichotaka, alichofanya, alichoona na alichotarajia, akaambatisha neno lake moja.

Jibu lilifika alfajiri, kutoka kwa mtu wa Malaysia. Kuwa kwake wa huko hakukuwa jambo la kubahatisha. Kimalei nacho kina hati yake iliyotokana na Kiarabu, iitwayo Jawi, nayo huitumia aini ile ile ya nukta tatu kwa sauti ile ile ya ng'. Mjibuji alilitambua neno kwa umbo kabla ya kujua ni la lugha gani. Alieleza kwamba katika Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitangazwa mwaka 1991, herufi huhifadhiwa kwa mfuatano wa kusomwa, na kila herufi huhifadhiwa kama dhana tu, bila umbo. Umbo la mwanzo, la kati, la mwisho na la pekee huchaguliwa baadaye na kiungo kingine cha programu, na mwelekeo wa kulia kwenda kushoto nao hupangwa kwa kanuni zake. Maktaba ya uchoraji aliyoitumia kijana haikuwa na viungo hivyo viwili. Ilizichora dhana kana kwamba ni herufi za Kilatini. Akamwonyesha hatua mbili za kuongeza, akamtajia fonti yenye herufi zote alizozihitaji, kisha akamtahadharisha: fa yenye nukta tatu huko kwao husomwa p, basi kama pwani ya Kenya huisoma v, asije akazichanganya matini za pande mbili.

Yafaa jibu hili nalo litazamwe kama fani. Halikutoa dawa pekee; lilitaja chanzo cha ugonjwa, likatibu, kisha likaonya juu ya hatari ambayo muulizaji hakuiuliza. Tena liliandikwa kwa namna ambayo mtu wa tatu, ambaye hajazaliwa katika baraza hilo, angeweza kulitumia. Kwa upande mwingine wapo waulizaji ambao, wakishapata ufumbuzi wenyewe, huandika tu kwamba wamekwisha kufaulu, na kuondoka bila kueleza vipi. Afikaye miaka kumi baadaye na tatizo lile lile hukuta mlango wenye alama ya kuwa ulifunguliwa, na ufunguo umekwenda na mwenyewe.

Fasihi ya Kiswahili inalo deni kwa majibu ya aina ile ya kwanza. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yangepotea kwa kiasi kikubwa lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Huyu aliyakusanya na kuyanakili kwa ajili ya mmisionari wa Kiingereza, William Taylor, pamoja na maelezo ya maneno na matukio ambayo hata wenyeji wa siku zake walikuwa wameanza kuyasahau. Kutokana na nyaraka hizo Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Taylor aliuliza kwa sababu zake, na sababu hizo zinaweza kujadiliwa. Sikujua alijibu kwa upana kuliko haja ya muulizaji, na leo anayemsoma Muyaka hunufaika kwa majibu yaliyoandikiwa mtu mwingine.

Hata hivyo kuna lalamiko ambalo haliwezi kufumbiwa macho. Kijana wa Mombasa aliuliza kwa Kiingereza kuhusu neno la Kiswahili lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu, akajibiwa na Mmalei kwa Kiingereza. Stack Overflow ilipanuka baadaye kwa Kireno, Kirusi, Kijapani na Kihispania. Kiswahili hakikupata baraza lake humo. Si kwamba msamiati haupo. Wataalamu wameshindana kwa miaka mingi juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na mwaka 2004 jitihada zilizoshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice. Kilichokosekana ni mazoea ya kukwama kwa Kiswahili hadharani. Istilahi haziimariki kwa kuorodheshwa. Huimarika mtu anapoamka usiku akiwa na shida, akazitumia kuuliza, na mwingine akazitumia kumjibu. Lugha ambayo watu wake huenda kuuliza ng'ambo itabaki na kamusi nzuri na baraza tupu.

Na wakati wenyewe umebadilika. ChatGPT ilitolewa mwishoni mwa Novemba 2022, na Desemba mwaka huo huo Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyotungwa nayo, kwa hoja kwamba mengi yalionekana kuwa sahihi ilhali yalikuwa na makosa. Tangu hapo idadi ya maswali mapya katika baraza hilo imepungua sana. Wengi sasa huiuliza mashine faraghani, nayo haikaripii mtu wala haifungi swali. Kwa aliyewahi kufedheheshwa, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini mashine hizo zilijifunza, pamoja na mengine, kutokana na maswali na majibu ambayo watu waliyaandika hadharani, na jibu la faraghani halimwachii mpita njia chochote. Kisima hiki kilichimbwa na watu waliokubali kuonekana hawajui. Wakiisha kukubali, haijulikani nani atakichimbua tena.

Kijana alizifuata hatua mbili, akachapa utenzi wote kwa herufi kubwa, akampelekea nyanya. Herufi zilikuwa zimepatana. Nyanya alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mishororo, mpaka ubeti wa arubaini na kitu, hapo akasimama. "Hapa umeandika nini?" Kijana alichungulia. Alikuwa ameandika baa, yaani msiba, lililoishukia nyumba. "Babu yako hakuandika baa," akasema nyanya. "Hilo ni paa. Paa la nyumba lilianguka. Ilikuwa mvua kubwa, mimi nilikuwapo."

Waandishi wa zamani wa pwani aghalabu waliitumia ba ya Kiarabu kwa b na kwa p, na hata kwa mb, wakamwachia msomaji aamue. Baa na paa yamo katika ngeli moja, hivyo sarufi haikuweza kumwonya kijana, wala programu, wala yule mjuzi wa Jawi. Kijana alilifungua daftari upya na kuanza kuhesabu mahali pote alipoikuta ba na kujiamulia mwenyewe. Palikuwa pengi. Alichukua kalamu, akaketi kwenye mkeka karibu na nyanya, na safari hii akaanza kuuliza neno moja moja, akitaja ubeti, alivyolisoma, na kwa nini alilitilia shaka.